Ignisheni ya elektroniki kwenye ndege ya kujijengea: hesabu silinda kwanza, kisha ushike spana

Umeondoa magneto (kijenereta kinachozalisha cheche bila betri) moja au zote mbili, umefunga boksi la elektroniki, koili, sensa na plagi mpya. Sasa injini haiwaki, au inawaka na kumisi, au imeanza tabia ambayo haikuwa nayo. Mtu wa kwanza kulaumiwa ni boksi, kwa sababu ndilo geni, ndilo ghali, na huoni kilichomo ndani. Mara nyingi halina hatia. Kosa huwa liko kwenye vitu vilivyofungwa kwa mkono pale hangani: ethi, tamino, mwanya wa sensa, mpira wa presha (ule unaolipelekea boksi presha ya hewa inayoingia kwenye injini), mpangilio wa nyaya za plagi.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, jibu swali moja: ni silinda ngapi zinazosumbua? Ikiwa ni moja, shida iko kwenye plagi yake au waya wake. Zikiwa mbili, na ni zile zinazotumia koili moja, tazama koili hiyo na waya unaoilisha. Zikiwa zote, acha plagi kabisa. Tafuta kwenye umeme unaoingia, kwenye sensa, au kwenye taimingi, yaani wakati ambao cheche inatoka. Swali hili peke yake linaokoa siku nzima ya kufungua na kufunga.

Namna rahisi ya kuhesabu ni kutumia joto la moshi wa ekzosi, kama una kipimo kwa kila silinda. Injini ikiwa na moto wa kutosha, ipandishe mpaka mizunguko 1,700 au 1,800 kwa dakika, kisha zima upande mmoja wa ignisheni. Kwa kawaida joto la moshi hupanda kidogo kwenye silinda zote, kwa kuwa mafuta yanaungua taratibu zaidi yakiwashwa na plagi moja. Silinda ambayo joto lake linashuka badala ya kupanda ndiyo ambayo plagi yake iliyobaki haifanyi kazi. Andika namba yake. Washa pande zote mbili, subiri injini itulie, kisha zima upande wa pili. Kama huna vipimo hivyo, zima injini mara tu baada ya kuiendesha upande mmoja na uyapime mabomba ya ekzosi kwa kipimajoto cha mwanga: bomba lililo baridi kuliko wenzake linakujibu.

Namba zenyewe nazo zina mtego. Injini ya Lycoming ya silinda nne na ile ya Continental O-200 zote zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4, lakini silinda namba 1 ya Lycoming iko mbele kulia, ya Continental iko nyuma kulia. Mtu aliyezoea injini moja akihamia nyingine hupachika nyaya kwa mazoea, halafu anashangaa.

Kabla ya kuzungusha propela

Magneto haihitaji betri. Inanyamazishwa na waya mmoja unaoiunganisha na ethi swichi ikiwa imezimwa, na waya huo ukikatika, magneto iko hai hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Mifumo mingi ya elektroniki ni kinyume: ukiikata umeme inakufa. Ipo pia ile yenye jenereta yake ndogo ndani, ambayo ikishapata kasi inajilisha yenyewe. Hiyo kuikata umeme tu hakutoshi kuizima, inahitaji waya wake wa kuzimia. Ndege yenye magneto upande mmoja na elektroniki upande wa pili ina swichi mbili zinazofanana sura na kufanya kazi kinyume. Andika kibandiko kwa kila moja.

Unapochunguza, toa plagi moja kwenye kila silinda ili injini isiwe na kompresheni, weka kabari kwenye magurudumu, na mtu yeyote asisimame kwenye mzunguko wa propela. Usizungushe starta huku waya wa plagi ukining'inia hewani. Cheche ikikosa njia itajitafutia nyingine ndani ya koili na kuitoboa. Kila plagi uliyoitoa ibaki kwenye waya wake, na ganda lake liguse chuma cha injini kwa uhakika, mbali na matundu yanayotoa mvuke wa mafuta. Taa ya kupimia taimingi, inayotumika kwenye magari, iache. Kusimama karibu na propela inayozunguka ili kutazama alama si kipimo, ni ajali inayosubiri.

Starta inazunguka, cheche hakuna

Anza na volti, na uzipime kwenye viunganishi vya boksi lenyewe, si kwenye betri, huku starta ikizungusha. Hapa ndipo wengi hukosea. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6 hadi 12.8, na ukiipima hivyo utaridhika. Lakini starta ikishika, betri hiyo inaweza kushuka mpaka 10.5, na boksi likawa linapata 8 tu kwa sababu volti mbili na nusu zimepotelea njiani: kwenye saketi breka iliyochakaa, tamino lililobanwa vibaya, au waya mwembamba uliopitishwa kwenye swichi tatu. Boksi likikosa volti za kutosha linajizima na kuanza upya, tena na tena, na wewe unaona injini isiyo na cheche. Soma kwenye mwongozo wake kiwango cha chini kabisa linachokubali, kisha ukilinganishe na ulichokiona kwenye mita.

Umeme wa ignisheni uchukuliwe moja kwa moja kutoka betri, kwa waya wake na fyuzi au breka yake. Usiuchukue kwenye laini ya redio, wala kwenye laini inayozimwa na swichi kuu ikiwa mtengenezaji amesema usifanye hivyo.

Kisha pima ethi. Weka ncha moja ya multimita kwenye chuma kitupu cha injini, kisichopakwa rangi, na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye tamino linaloifunika. Mwambie mwenzako azungushe starta. Ukiona zaidi ya nusu volti, mkondo wa starta hauna njia nzuri ya kurudi, na utapita popote: kwenye kebo ya throtli, kwenye wavu unaokinga waya za sensa, hata ndani ya boksi. Ukanda wa shaba kati ya injini na fremu ni kitu cha bei ndogo kinachosahaulika kila mara injini inapotolewa na kurudishwa. Kwenye ndege ya faiba au mbao jambo hili ni zito zaidi, maana bodi yenyewe haipitishi umeme. Lazima kuwe na waya mnene kutoka injini hadi hasi ya betri.

Umeme na ethi vikiwa sawa, hamia kwenye sensa. Zile za Hall zinasoma sumaku inayopita mbele yake, na sumaku ina upande. Ikipachikwa kinyumenyume, sensa haioni kitu, hata kama mwanya ni sahihi kwa unywele. Tumia dira ndogo kujua upande kabla ya kubandika, si baada ya gundi kukauka. Zile za koili zinazosoma meno ya chuma zinategemea sana mwanya na kasi: mwanya ukiwa mpana, injini inaweza kukataa kuwaka kwa starta na bado ikaonyesha mawimbi mazuri ikizungushwa haraka bila plagi. Pima mwanya kwa fila geji katika sehemu kadhaa za mzunguko. Gurudumu la meno lililokaa upande kidogo litakupa mwanya sahihi pale tu ulipopimia.

Kuna dalili moja inayochekesha mpaka uijue. Starta inazungusha bila dalili yoyote ya uhai, lakini ukiachia ufunguo, injini inaruka na kuwaka. Swichi nyingi za ufunguo za ndege zina kipande kifupi cha chuma nyuma yake, kati ya nukta ya R (kulia) na ile ya GRD (ethi), kinachozima magneto ya kulia wakati wa kuwasha. Kama umefunga elektroniki upande wa kulia na inazimwa kwa njia ya ethi kama magneto, kipande hicho kinaiua pale pale unapoihitaji. Kitoe, lakini soma kwanza sehemu inayofuata.

Injini inapiga teke wakati wa kuwasha

Propela inarudi nyuma kwa kishindo, starta inalia, na usipoacha utavunja meno ya flaiwili au kichwa cha starta. Starta nyepesi za kisasa hazisamehe hata kidogo.

Maana yake ni moja: cheche imekuja mapema mno huku injini ikizunguka polepole. Kwenye Lycoming nyingi magneto huwasha digrii 25 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Kwa mizunguko 2,500 hilo ni sahihi; kwa mwendo wa starta, moto unamaliza kazi kabla pistoni haijafika na kuisukuma irudi. Ndiyo maana magneto ya kuwashia ina kapolingi ya impalsi, ile chemchemi inayoishikilia na kuiachia ghafla ili cheche ichelewe. Kama umeondoa magneto yenye kapolingi hiyo na kubakiza isiyo nayo, iliyobaki lazima iwe imezimwa wakati wa kuwasha. Uwashe kwa elektroniki peke yake, na injini ikishashika ndipo uifungulie magneto.

Teke likiendelea hata magneto ikiwa imezimwa, sababu ni mbili. Volti zinashuka na boksi linapoteza hesabu (rudi juu), au nukta ya juu kabisa haikupatikana vizuri ulipofunga. Usiamini kidole kwenye tundu la plagi wala bisibisi juu ya pistoni. Pistoni karibu na juu husogea kidogo sana ilhali krankshafti imekwenda digrii kadhaa, na jicho haliwezi kujua katikati iko wapi. Tumia kizuizi kinachofungwa kwenye tundu la plagi: zungusha propela taratibu mpaka pistoni iguse, weka alama, zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama, katikati ya alama mbili ndiyo juu kabisa. Halafu linganisha na alama za kiwandani kwenye flaiwili. Hakikisha pia unasoma alama ya upande sahihi wa flaiwili: kwenye Lycoming zile za mbele husomwa dhidi ya alama iliyo kwenye starta, ya nyuma husomwa dhidi ya maungio ya nusu mbili za injini. Ukichanganya, kila kitu kitaonekana sawa kwenye karatasi na injini itaendelea kukupiga.

Inalipuka kwenye kabureta na haishiki

Mifumo mingi ina koili mbili, kila moja ikirusha cheche kwa silinda mbili kwa wakati mmoja: 1 na 2 pamoja, 3 na 4 pamoja. Moja inakuwa kwenye kompresheni, ya pili inamaliza kutoa moshi na cheche yake haina kazi. Kwa hiyo ukibadilishana nyaya za 1 na 2, injini haitajali. Ukibadilishana nyaya za koili moja na za nyingine, cheche zinakuja nusu mzunguko nje ya mahali pake, pistoni zikiwa chini na vali ya kuingiza ikiwa bado wazi, na moto unarudi kwenye kabureta. Badilishana viunganishi viwili vya koili, basi. Weka kizimamoto karibu wakati unajaribu.

Kuanguka kwa mizunguko kunakotisha bure

Ukiwa na magneto upande mmoja na elektroniki upande mwingine, jaribio la kabla ya kuruka halitafanana na la zamani. Ukizima magneto, mizunguko haitikisiki sana. Ukizima elektroniki, inaanguka kwa wazi. Hapo magneto nzuri imeshushwa na kupelekwa kwa fundi bila sababu. Elektroniki inawasha mapema zaidi na kwa cheche ndefu zaidi throtli ikiwa imefungwa nusu, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa inafanya kazi kubwa tangu mwanzo. Magneto ilikuwa inawasha mafuta ambayo tayari yanaungua. Pima magneto kwa kiwango cha mwongozo wa injini yako. Lycoming kwa kawaida husema isianguke zaidi ya mizunguko 175 upande wowote. Ile tofauti ya mizunguko 50 inayoruhusiwa kati ya pande mbili iliwekwa kwa magneto mbili zinazofanana. Hapa haina maana.

Injini kutikisika wakati wa jaribio ni habari nyingine. Hiyo si tofauti ya taimingi, ni silinda isiyowaka. Rudi kwenye kuhesabu.

Joto la hedi limepanda tangu ulipofunga

Hapa usikimbilie kurekebisha. Soma vipimo viwili kwa pamoja, joto la hedi za silinda na joto la moshi, kwa sababu namna vinavyokwenda, pamoja au kinyume, inakuambia mahali pa kutazama.

Hedi zikipanda na moshi ukishuka, cheche inakuja mapema mno: moto unaungua ndani na kuacha joto kwenye chuma. Moshi ukipanda na hedi zikishuka, na injini ikawa nzito, cheche inachelewa: mafuta yanamalizikia kuungua kwenye ekzosi. Vyote viwili vikipanda, ignisheni huenda haihusiki. Tazama mchanganyiko wa mafuta na upepo wa kupozea. Kwenye upepo huo kuna kisa cha mara kwa mara: ili kupitisha nyaya mpya mtu ametoboa karatasi za chuma zinazoelekeza hewa kati ya silinda, na matundu yamebaki wazi. Ziba kwa mpira au silikoni ya joto kali kabla ya kuanza kushuku taimingi. Na kama silinda iliyo moto ni moja tu, angalia sensa yake ya joto ilikuwa wapi zamani na iko wapi sasa. Ile inayokaa chini ya plagi kama pete (washa) husoma joto tofauti na ile ya kwenye tundu lake la hedi.

Sasa, mpira wa presha. Boksi linataka kujua presha iliyo kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, ili throtli ikifunguka yote lirudishe cheche karibu na digrii za magneto, na kwenye safari ya juu yenye presha ndogo liitangulize zaidi. Mpira ukichomoka au kupasuka, boksi linasoma presha ya hewa ya nje, linadhani throtli imefunguliwa yote, na linachelewesha cheche. Unapoteza faida uliyoifuata, lakini injini haidhuriki. Wapo wanaoruka hivyo miezi wakilalamika tu kwamba mafuta hayajapungua. Mpira ukiziba au kubanwa ni hatari zaidi. Presha ndogo inaweza kunaswa ndani yake, ukafungua throtli yote kwa ajili ya kuruka, na boksi likaendelea kutanguliza cheche kana kwamba uko juu unapumzika. Hedi zinapanda haraka wakati wa kupaa, na mafuta yanaweza kuanza kulipuka badala ya kuungua. Ukiona hivyo punguza throtli kadiri usalama unavyoruhusu, ongeza mafuta kwenye mchanganyiko, na ukatue.

Kuujaribu mpira kunahitaji bomba la sindano tu. Uchomoe pande zote mbili, ziba mwisho mmoja, chomeka bomba la sindano kwenye mwisho mwingine likiwa limesukumwa hadi sifuri. Vuta kidogo, shikilia kwa dakika moja, achia. Likirudi sifuri, mpira hauvuji. Kisha uzibue na upulize: hewa ipite bila kulazimishwa. Tazama pia njia yake. Usiwe na bonde ambamo mafuta au maji yatakaa, usipite karibu na ekzosi, na usibanwe na klempu kiasi cha kuonyesha alama ya meno.

Kama mfumo wako unakuruhusu kuchagua mpango wa kutanguliza cheche, chagua ule wa upole kwanza, hasa ukiwa na pistoni za kompresheni kubwa au ukitumia petroli ya gari yenye okteni ndogo.

Inamisi ikishapata moto, ikipoa inapona

Sensa au koili, karibu kila mara. Wakati inamisi, zima, fungua kifuniko, pima upinzani wa koili ikiwa bado moto na uulinganishe na mwenzake. Siku ya pili, ikiwa baridi, ipashe sensa kwa kikausha nywele huku ukitazama mawimbi yake. Yakipotea, umeipata. Boksi lililofungwa mahali pa joto nyuma ya injini linahitaji bomba la hewa baridi. Mifumo inayokaa kwenye tundu la magneto hutaka hilo waziwazi, na wapo wanaolisahau.

Tofauti ni kama inamisi tu unapopanda juu. Hewa nyepesi haizuii umeme kama hewa nzito, na mwanya mpana wa plagi unadai volti kubwa, hivyo cheche inaruka nje ya njia. Plagi za ndege zinakaa kwenye mwanya wa milimita 0.4 hadi 0.5, za gari kwa elektroniki huachwa pana zaidi, mara nyingi karibu 0.8. Usipanue kuliko mtengenezaji alivyoandika. Kagua waya gizani: mwanga wa samawati kando ya mpira wa plagi unakuonyesha unapovuja.

Kelele redioni na kipimo cha mizunguko kinachodanganya

Kelele inayopanda na kushuka na mizunguko ni ignisheni. Inayobaki palepale ni kitu kingine. Wavu wa waya wa sensa uunganishwe na ethi upande mmoja tu, ule wa boksi. Plagi ziwe za aina yenye rezista, nyaya ziwe za kuzuia kelele, na hakuna waya wa plagi unaofungwa kwenye tita moja na waya wa antena. Kipimo kinachosoma mara mbili au nusu hakijaharibika: mfumo wa koili mbili unatoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, nacho kimepangwa kwa hesabu nyingine.

Pande zote mbili zikiwa elektroniki

Hapa betri imekuwa sehemu ya injini. Alternata ikifa hutabaki na magneto ya kukupeleka nyumbani. Betri za lithiamu zenye mlinzi wa ndani zinaweza kujikata zenyewe bila onyo, na mtu mwenye betri moja ya aina hiyo na ignisheni mbili zinazoitegemea anaruka na swichi ambayo haishiki yeye. Iwepo betri ya pili ndogo, yenye njia yake, inayojazwa lakini isiyoweza kunyonywa na ile kuu.

Jaribu chini. Ndege ikiwa imefungwa kwa kamba, injini kwenye mizunguko ya safari, zima alternata na swichi kuu, na uiache ignisheni iendeshwe na betri ya akiba. Andika volti kila baada ya dakika tano mpaka injini ianze kumisi. Dakika hizo, ukitoa nusu yake, ndizo unazoandika kwenye kadi iliyo mbele ya rubani. Na jaribio lirudiwe kila mwaka, maana betri ya akiba huzeeka bila kusema.